Kuendesha gari baada ya miaka 60: jinsi ya kubaki barabarani kwa usalama na kwa muda mrefu

Kwa mkazi wa Kiserian aliyestaafu, gari si anasa. Ndilo linalomfikisha kliniki ya shinikizo la damu, kanisani, benki, kwenye duka la dawa za mifugo na kwa wajukuu Kitengela. Matatu hupita barabara ya lami, lakini nyumba nyingi ziko kilomita kadhaa ndani, kwenye njia za murram ambako mvua ikinyesha hata bodaboda husita kuingia. Mzee anayelazimika kuliacha gari kabla ya wakati wake hupoteza mengi zaidi ya usafiri.

Wakati huohuo, barabara hizo hutumiwa na watoto wa shule, wachungaji na mifugo yao, mikokoteni ya punda na wahudumu wa bodaboda. Dereva asiyeona vizuri, awe wa umri wowote, ni hatari kwao wote.

Makala haya yanaeleza jinsi mahitaji hayo mawili yanavyoweza kupatanishwa. Jambo la msingi ni hili: umri peke yake haumwondoi mtu barabarani. Yanayomwondoa mapema ni macho ambayo hayakupimwa, dawa ambazo hakuuliza zinafanya nini mwilini, na safari za usiku ambazo angeweza kuziepuka. Mengi kati ya hayo yana suluhu, mradi yashughulikiwe mapema, gari likiwa bado halina mkwaruzo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado. Miongoni mwao ni familia nyingi zilizonunua ploti Kiserian, Ngong, Ongata Rongai, Kitengela na Isinya, zikajenga na kuhamia. Aliyejenga akiwa na miaka 40 mwanzoni mwa miaka ya 2000 sasa amevuka 60. Gari alilolinunua ili kufika kazini Nairobi ndilo analolitegemea leo kwa matibabu na shughuli za nyumbani.

Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua mtu aliyepita umri wa miaka 60 kuwa mzee katika jamii. Kifungu cha 57 kinasema kwamba wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na Serikali. Ni vigumu kushiriki katika baraza, harusi au mkutano wa chama ikiwa huna namna ya kufika. Ndiyo maana lengo la familia na wahudumu wa afya lisiwe kumpokonya mzee funguo. Liwe kumsaidia aendeshe salama kadiri afya yake inavyoruhusu, na kupanga mapema siku ambayo hataendesha tena.

Mwili hubadilika vipi?

Mabadiliko huja polepole, na kwa sababu hiyo mwenyewe mara nyingi hayatambui.

La kwanza ni mwanga. Kufikia umri wa miaka 60, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha hupata takriban thuluthi moja tu ya mwanga inaoupata jicho la kijana wa miaka 20. Mboni haifunguki sana gizani kama zamani, na lenzi ya jicho huanza kuwa na rangi ya manjano. Barabara ambayo kijana anaiona vizuri jioni, kwa mzee tayari ni nusu giza. Tena, akimulikwa na taa za lori, macho yake huchukua muda mrefu zaidi kurudia hali ya kawaida.

La pili ni shingo na viungo. Shingo iliyokakamaa haigeuki vya kutosha kutazama bega la kulia kabla ya kuhama upande, na goti lenye yabisi huchelewa kutoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye breki.

La tatu ni kasi ya kuamua. Mzee huwa na uzoefu mwingi na haraka kidogo, na hiyo ni faida kubwa. Lakini mambo mengi yakitokea kwa wakati mmoja, ubongo huhitaji muda zaidi kuyapanga. Ukiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husonga mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kukanyaga breki, tayari umekwenda mita 11 zaidi. Hizo zinatosha kumfikia ndama aliyeruka barabarani.

La nne ni masikio. Asiyesikia vizuri huikosa honi ya lori nyuma yake au king'ora cha ambulensi. Kuzima redio na kufungua dirisha kidogo kwenye makutano husaidia, na kupimwa masikio husaidia zaidi.

Anza na macho

Ikiwa kuna jambo moja tu ambalo msomaji wa makala haya atalifanya, na liwe kupimwa macho. Magonjwa matatu yanafaa kujulikana.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaofunika lenzi. Anayeugua huona kana kwamba kioo cha mbele ni kichafu hata baada ya kukifuta, na taa za magari yanayokuja humtawanyikia machoni. Ugonjwa huu hutibiwa kwa upasuaji mfupi wa kuondoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine. Kwa dereva mwenye mtoto wa jicho, upasuaji huo mara nyingi ndio humrudisha barabarani.

Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, ni tofauti. Aina yake ya kawaida haiumi wala haiwashi. Hula uwezo wa kuona pembeni kidogo kidogo, huku katikati kukibaki safi. Dereva anaweza kusoma bango lililo mbele na asimwone mtoto anayetoka kando ya barabara. Watu wenye asili ya Kiafrika wako katika hatari kubwa zaidi, hasa baada ya miaka 40, na zaidi ikiwa mzazi au ndugu aliwahi kuugua. Uwezo uliopotea haurudi, lakini dawa za matone au upasuaji huweza kuulinda uliosalia. Hapa kila mwezi wa kuchelewa una gharama.

Kisukari nacho huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Mwenye kisukari anashauriwa kupimwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Kipimo rahisi cha nyumbani ni hiki. Simama mita 20 kutoka kwenye gari lililoegeshwa, takriban hatua 27 za kawaida za mtu mzima, wakati wa mchana. Vaa miwani unayoendeshea. Je, unaweza kusoma nambari ya usajili? Hicho ndicho kipimo ambacho Uingereza hukitumia kwa kila dereva. Ukishindwa, usiendeshe hadi umwone daktari wa macho. Ukifaulu, bado kapimwe, kwa sababu nambari ya gari haiwezi kuonyesha glakoma.

Anzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au uliza kuhusu siku ya kliniki ya macho katika hospitali ya kaunti ndogo au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado. Hospitali ya PCEA Kikuyu, ambayo kitengo chake cha macho kinajulikana kote nchini, haiko mbali kwa wakazi wa Ngong na Kiserian. Uliza pia ni huduma zipi za macho zinazolipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Na siku ya kliniki, usijiendeshe. Daktari akikutia matone ya kupanua mboni, utaona ukungu na mwanga utakuumiza kwa saa kadhaa.

Uliza kuhusu dawa zako

Mzee mmoja anaweza kuwa na dawa ya presha, ya kisukari, ya maumivu ya goti na ya mafua, kila moja kutoka kwa mtu tofauti. Baadhi ya dawa husababisha usingizi au kizunguzungu, na zikichanganywa athari huongezeka.

Dawa za kawaida za mafua na mzio zenye chlorpheniramine huleta usingizi, na uzito wake unaweza kubaki hadi asubuhi. Dawa za usingizi, dawa kali za maumivu kama tramadol na zile zenye codeine, pamoja na amitriptyline ambayo hutolewa kwa maumivu ya neva, nazo hupunguza wepesi. Dawa mpya ya presha inaweza kumfanya mtu apate kizunguzungu anapoinuka, hasa wiki za kwanza. Pombe huzidisha athari za nyingi kati ya hizi.

Hii haimaanishi uache dawa. Kuacha dawa ya presha bila ushauri kunaweza kuleta kiharusi, na kiharusi hakibagui usukani. Maana yake ni kwamba ukusanye dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za kienyeji, uzipeleke kliniki na uulize: "Nikitumia hizi, naweza kuendesha gari? Saa ngapi baada ya kumeza?" Mara nyingi daktari anaweza kubadilisha saa ya kumeza au aina ya dawa.

Wanaotumia insulini au vidonge kama glibenclamide wajihadhari na sukari kushuka. Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Wataalamu wa Uingereza huwashauri madereva wanaotumia insulini wapime sukari kabla ya safari na wahakikishe haiko chini ya 5 kwenye mashine. Ikishuka mkiwa njiani, egesha kando, zima gari, kula kitu cha sukari, na usiondoke hadi zipite dakika 45 tangu sukari irudi kawaida. Weka peremende au soda ndani ya gari na usimruhusu mjukuu kuimaliza.

Wahudumu wa afya ya jamii ambao Serikali iliwapa vifaa mwaka 2023 hubeba mashine za kupimia presha na sukari. Anapopita kwako, mwambie kwamba unaendesha gari.

Aliyewahi kuzimia, kupata kifafa au kupata kiharusi, hata kidogo, asirudi kwenye usukani kabla daktari hajamruhusu.

Litengeneze gari likufae wewe

Magari mengi ya kibinafsi hapa nchini yaliletwa yakiwa yametumika Japani, na huuzwa yakiwa na kiti na vioo kama mwenyewe wa kwanza alivyoviacha. Dakika 10 za kuyarekebisha zinaweza kuleta tofauti kubwa.

Inua kiti hadi macho yako yawe juu ya ukingo wa usukani kwa angalau vidole vinne. Kama kiti hakiinuki, tumia mto mgumu usioteleza. Kifua chako kiwe sentimita 25 au zaidi kutoka kwenye usukani, kwa sababu mfuko wa hewa hufunguka kwa nguvu. Sehemu ya kuegemeza kichwa iwe sawa na kisogo, si shingo. Mkanda upite juu ya mfupa wa bega na chini kwenye nyonga, usipite shingoni wala tumboni.

Ikiwa shingo haigeuki vizuri, vigeuze vioo vya pembeni kuelekea nje kidogo, hadi ubavu wa gari lako uonekane kwa shida. Eneo lililokuwa limefichika litaonekana. Vioo vidogo vya mviringo vya kubandika kwenye vioo vya pembeni ni vya bei nafuu na husaidia kuziona bodaboda.

Futa taa na kioo cha mbele ndani na nje. Vumbi la murram kwenye taa hupunguza mwanga ambao tayari macho yanauhitaji, na mafuta yaliyo upande wa ndani wa kioo ndiyo hutawanya taa za usiku.

Kosa la kukanyaga pedali ya mafuta badala ya breki hutokea kwa madereva wa kila umri, lakini kwa wazee madhara yake huwa makubwa zaidi. Katika gari la otomatiki, tumia mguu wa kulia peke yake. Weka kisigino sakafuni mbele ya breki na uzungushe ncha ya mguu kwenda kwenye mafuta, badala ya kuinua mguu mzima. Vaa viatu vilivyofungwa na vyenye soli nyembamba. Akala, ndara na viatu vya kisigino kirefu viache kando ya kiti hadi ufike. Mguu uliovaa soli nene hauihisi pedali.

Jambo jingine ni uani kwako. Watoto wadogo hucheza nyuma ya magari, na kioo cha nyuma hakimwonyeshi mtoto wa miaka miwili. Unapofika nyumbani, egesha gari likiwa limeelekea lango ili kesho utoke ukienda mbele. Kabla ya kuwasha, lizunguke gari kwa miguu. Mazoea hayo mawili yanaweza kuokoa mjukuu.

Chagua barabara na saa

Uzoefu wa mzee huonekana zaidi katika jambo hili: hana haja ya kuwa barabarani wakati mbaya. Mfanyakazi lazima afike saa 2:00 asubuhi. Mstaafu anaweza kuondoka saa 4:00, foleni ikiwa imepungua na jua likiwa limepanda.

Jua letu huzama karibu saa 12:30 jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Panga uwe umefika nyumbani saa 12:00. Kumbuka pia jua la usoni: anayepanda kutoka Kiserian kuelekea Kona Baridi jioni hukutana nalo, na anayeelekea Isinya asubuhi hali kadhalika. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ukungu unaweza kutanda karibu na Milima ya Ngong asubuhi. Subiri uinuke.

Katika Barabara ya Magadi kupitia Kiserian, mwendo wa juu mjini ni kilomita 50 kwa saa kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, kama ilivyo katika miji na vituo vyote vya biashara. Kichinjio cha Keekonyokie huleta mifugo na malori mjini, na mnyama hajui zamu. Baada ya Kona Baridi barabara huteremka kuelekea Bonde la Ufa. Teremka kwa gia ndogo. Hata otomatiki huwa na nafasi ya gia ndogo kwenye rungu la gia. Breki zinazokanyagwa muda wote hupata moto na kupoteza nguvu.

Kwenye barabara ya Kiserian hadi Isinya, na ile ya Namanga inayopita Kitengela na Isinya, tatizo kubwa ni kuyapita magari mengine na kukadiria kasi ya linalokuja. Weka umbali wa sekunde nne nyuma ya gari lililo mbele yako. Likipita nguzo, hesabu polepole moja hadi nne. Ukiifikia nguzo kabla ya kumaliza, umelikaribia mno. Matatu ikikuharakisha kwa nyuma, usiongeze mwendo. Toka pembeni mahali salama, uiache ipite, uendelee na safari yako. Waswahili walisema mwenda pole hajikwai.

Kukata kulia kunahitaji uangalifu wa pekee. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, anayekata kulia huvuka njia ya magari yanayokuja. Lazima akadirie umbali na kasi ya kila gari, na pikipiki, kwa sababu ni ndogo, huonekana iko mbali kuliko ilivyo. Kama huna hakika, subiri. Au endelea moja kwa moja hadi kwenye mzunguko wa barabara, ugeuke, kisha uingie kwa kukata kushoto. Utachelewa dakika chache tu.

Dalili za kuzingatia

Kusahau ulipoweka miwani ni jambo la kawaida. Dalili zifuatazo, hasa zikijirudia, zinahitaji kumwona daktari:

- Kupotea kwenye njia unayoipita kila wiki.
- Mikwaruzo mipya kwenye gari au lango ambayo huwezi kuieleza.
- Kupigiwa honi mara kwa mara, au kushtukia gari "lililotokea ghafla".
- Kuchanganya pedali, au kushindwa kuamua kwenye makutano.
- Kuyumba kutoka kwenye njia yako au kugusa ukingo wa lami.
- Abiria kukataa kupanda gari lako, au wajukuu kuzuiwa kupanda.

Dalili moja haimaanishi mwisho wa kuendesha. Mara nyingine chanzo ni mtoto wa jicho, dawa mpya, usingizi mbaya au masikio, na kikitibiwa dalili huondoka. Ndiyo sababu isifichwe.

Leseni na afya ni mambo mawili

Leseni ya udereva nchini huhuishwa kwa mwaka mmoja au miaka mitatu kupitia eCitizen, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Sheria inamtaka anayeomba leseni aseme ikiwa ana ugonjwa au ulemavu unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa umma. Lakini kubonyeza simu na kulipia hakupimi macho. Nchini Uingereza, dereva akifikisha miaka 70 huanza kuhuisha leseni kila miaka mitatu na kutangaza hali ya afya yake. Japani, wenye miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu kabla ya kuhuisha. Hakuna kinachomzuia mkazi wa Kajiado kujiwekea utaratibu kama huo: kila unapohuisha leseni, pima macho, presha, sukari na masikio.

Familia izungumze vipi?

Mazungumzo haya huharibika yanapoanza baada ya ajali, mbele ya watu, na kwa maneno kama "Baba, umezeeka, lete funguo." Mzee aliyeendesha miaka 40 atasikia kwamba anavuliwa heshima, na ataficha kosa linalofuata.

Anza mapema na anza na jambo mlilolishuhudia pamoja. "Baba, jana tukirudi niliona taa za lori zimekusumbua pale Kona Baridi. Wiki ijayo naenda kupimwa macho, twende sote." Panda naye gari mchana na usiku kabla ya kutoa maoni. Ikiwa neno ni gumu, mtu wa rika lake, mchungaji wa kanisa, imamu au daktari anaweza kulisema likapokelewa vyema kuliko likitoka kwa mtoto.

Kuna familia ambako mama ana leseni lakini baba ndiye huendesha siku zote. Baba akiugua, nyumba nzima hukwama. Mama aendeshe angalau mara moja kwa wiki akiwa bado ana ujasiri.

Kupunguza kwa hatua

Kuacha kuendesha si lazima kuwe kwa siku moja. Wengi huanza kwa kuacha usiku, kisha siku za mvua kubwa, kisha barabara kuu na Nairobi, wakabaki na safari za kutoka nyumbani hadi sokoni. Kila hatua huongeza miaka ya usalama.

Wakati huohuo, jenga njia mbadala kabla ya kuzihitaji. Kwa mwezi mmoja andika gharama za gari: mafuta, bima, matengenezo, magurudumu. Kisha andika safari ulizofanya na nauli ambazo zingelipwa kwa teksi. Wengi hugundua kwamba pesa za gari lisilotoka sana zinatosha kumlipa dereva anayeaminika mara mbili kwa wiki. Mjue dereva huyo sasa, mwonyeshe njia ya kwako, na mpange na majirani siku za kwenda kliniki pamoja.

Hatimaye itafika siku ambayo daktari, familia au wewe mwenyewe mtaona inatosha. Anayeacha kwa hiari yake, akiwa na mpango, huendelea kufika kanisani na sokoni. Anayesubiri ajali imwamulie anaweza kubaki nyumbani, na huenda asiwe yeye peke yake aliyeumia. Husemwa kwamba ajali haina kinga. Nyingi zinayo.

La kufanya mwezi huu

1. Soma nambari ya gari kutoka mita 20, kisha panga siku ya kupimwa macho.
2. Peleka dawa zako zote kliniki kwenye mfuko mmoja na uulize kuhusu kuendesha.
3. Rekebisha kiti, vioo na mkanda. Safisha taa na kioo cha mbele.
4. Amua saa yako ya mwisho ya kuwa barabarani jioni, na uiambie familia.
5. Mwombe mtu unayemwamini apande nawe na akueleze ukweli.
6. Hifadhi nambari za dharura 999 na 112 kwenye simu, na uweke ndani ya gari karatasi yenye orodha ya dawa zako na mtu wa kupigiwa.